Kamera mpya au lenzi ya kupinda? Jibu kwa mpiga picha wa Tanga

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mpiga picha hapa Tanga, napiga harusi na video za wasanii wanaochipukia. Nina Canon EOS 700D na lenzi ya 50mm f/1.8. Siku hizi naona picha ambazo uso wa bibi harusi umekaa wazi kabisa, lakini vilivyobaki vimevutika na kuyeyuka kama rangi iliyomwagiwa maji. Nikifungua 50mm yangu mpaka mwisho, hali ile siipati. Akiba yangu inatosha kitu kimoja tu mwaka huu. Ninunue kamera ya kisasa au zile lenzi za kupinda? Na kwenye video zinafaa?"

Marahaba, mdogo wangu. Nunua lenzi, ubaki na hiyo 700D kwa sasa. Kamera mpya utainunua baadaye, na nitakwambia uangalie nini ukifika huko. Lakini ukianza na kamera utarudi nyumbani na picha zilezile za jana, zenye rangi safi kidogo kuliko za jana.

50mm yako inashindwa kwa sababu ukungu wake unatokana na umbali. Ukilifungua tundu la lenzi, hiyo apacha, mpaka f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa) na kuweka fokasi kwenye jicho la bibi harusi, kila kilicho mbele au nyuma ya jicho kinafifia. Ila kilicho umbali uleule kinabaki wazi hata kikiwa pembeni kabisa mwa fremu. Mpambe aliyesimama naye bega kwa bega atatoka wazi kama yeye. Picha unazozisema zinafuata mahali ndani ya fremu: kilichomo kwenye kiduara fulani kiko wazi, kilicho nje kinavutika, hata kama vyote viko umbali mmoja kutoka kwako. Simu nazo hufuata umbali, tena kwa kukadiria, kisha programu ndiyo inayotia ukungu. iPhone 13 ilikuja na jambo hilo hata kwenye video mwaka 2021. Tazama simu inavyohangaika na shela la lesi au nywele za timutimu, utaona ukingo umekatwa kama kwa mkasi. Lenzi haikadirii chochote. Mwanga umekwisha kupindishwa na kioo kabla kamera haijauona.

Sasa, hizo lenzi za kupinda ni za aina kadhaa na watu huzichanganya, halafu wananunua isiyo yao.

Zilizosambaa zaidi ni za Lensbaby, kampuni ya Portland, Oregon, Marekani, iliyoanzishwa mwaka 2004 na mpiga picha Craig Strong. Ya kwanza kabisa ilikuwa kioo kwenye bomba laini unalolibana kwa vidole. Ya siku hizi, Composer Pro II, inazunguka kama nyonga: kuna kichwa cha duara ndani ya kikombe, unakielekeza juu, chini, kushoto au kulia, na kinabaki pale ulipokiacha. Ndani yake unachomeka kioo unachotaka. Hapo ndipo penye uamuzi wako, kwa sababu vioo viwili, Sweet na Edge, hukaa kwenye mwili uleule lakini kazi zao hazifanani.

Sweet ndiyo iliyopiga picha ulizoziona. Ina kiduara cha uwazi, na nje ya kiduara vitu vinavutika kuelekea pembeni. Kila lenzi ya kioo ina tabia ya kutaka kuweka fokasi kwenye umbo la bakuli badala ya ukuta ulionyooka. Watengenezaji wa lenzi za kawaida huongeza vioo ndani ili kuinyoosha tabia hiyo. Hapa imeachwa makusudi. Ukipinda kichwa, kiduara kinahama. Ukibana tundu, kinatanuka. Sweet 35 na Sweet 50 zote zinaanzia f/2.5 hadi f/22, na watu wengi wanaozinunua hukosea palepale: wanazifungua f/2.5 na kuziacha. Kwa f/2.5 kiduara ni kidogo mno, na nje yake vitu haviachi umbo la kutambulika. Mimi uso wa mtu naupiga f/4, na nikiwa na watu wawili naenda f/5.6.

Nikupe mfano wa karibu. Kuna mama mmoja Unguja anayeshona kofia kwa mkono, zile zenye vitundu vidogo vinavyozungushiwa uzi kimoja kimoja. Nilimpiga kwa 50mm ya kawaida nikapata picha nzuri ya mama anashona. Kisha nikaweka Sweet 35, ambayo inaweka fokasi mpaka sentimita 19, nikasogea hadi nikawa karibu kugusa kitambaa. Nikaelekeza kichwa cha lenzi kidogo tu chini kushoto, kiduara kikakaa juu ya ncha ya sindano ikiwa nusu imeingia kwenye kitundu, na uzi mweupe umekazwa na kidole gumba. Mstari wa vitundu alivyokwisha kuvishona ulianza wazi, kisha ukavutika na kupotea kwenye kanga yake. Macho ya kila anayeitazama picha ile yanatua kwenye sindano, na hapo ndipo macho ya yule mama yalipokuwa. Sikuongeza chochote kwenye kompyuta.

Edge ni habari nyingine kabisa. Kioo chake kimenyooshwa vizuri, kwa hiyo ukikiacha bila kupinda kinapiga kama lenzi ya kawaida. Ukikipinda, ule ukuta wa fokasi unalala. Kanuni yake inaitwa kwa jina la Theodor Scheimpflug, ofisa wa Austria aliyeandikisha hataza mwaka 1904 akishughulika na picha za angani, ingawa Mfaransa Jules Carpentier alikuwa amelieleza jambo hilo mwaka 1901. Kwa maneno ya kawaida: lenzi ikisimama sambamba na kihisi cha kamera, kile kibao kinachopokea mwanga, vitu vilivyo wazi navyo viko kwenye ukuta sambamba. Ukiinamisha lenzi, ukuta huo nao unainama, tena kwa pembe kubwa kuliko uliyoinamisha wewe. Unapata mkato wa uwazi unaopita kwenye fremu kwa mshazari kama kisu kwenye mkate.

Kwa mpiga harusi hii ina thamani ambayo wengi hawaijui. Tuseme bwana harusi amesimama mita mbili kutoka kwako na bibi harusi yuko nyuma yake mita tatu. Kwa 50mm yako kwenye f/1.8 unamchagua mmoja. Kwa Edge 50, ukiipinda kwa upande na kuulaza mkato upite kwenye nyuso zote mbili, wote wako wazi kwenye f/3.2 na ukumbi mzima umeyeyuka. Vivyo hivyo safu ya sahani kwenye mkeka. Ile picha ya mji unaoonekana kama vitu vya kuchezea vya watoto, magari kama viberiti, nayo hutokana na kupinda hukuhuku, ukiwa juu ya ghorofa na kupinda kinyume ili ubaki na ukanda mwembamba wa uwazi. Akili imezoea kwamba ukungu mzito namna ile unaonekana kwa vitu vidogo vilivyo karibu na jicho, ndiyo maana inadanganyika. Inapendeza mara mbili tatu, kisha inachosha.

Wakubwa wa kazi hii ni lenzi za Canon za TS-E na za Nikon za PC-E, ambazo hupinda na pia husogea pembeni. Canon TS-E 24mm f/3.5L II ya mwaka 2009 ni chombo cha wapiga majengo na kinafanya kazi yake kwa usahihi wa rula. Bei yake si ya safari yako. TTArtisan wana 50mm f/1.4 inayopinda hadi nyuzi 8, ya bei nafuu kuliko hizo kwa mbali, lakini imetengenezwa kwa kamera zisizo na kioo cha ndani, haikai kwenye 700D.

Velvet 56 sitaisema sana. Hiyo haipindi. Inatia mng'ao laini juu ya kila kitu ikiwa kwenye f/1.6, kama umepulizia pumzi kwenye kioo, na ukiibana hadi f/5.6 inakuwa safi. Kwa sura za watu wazima inabembeleza sana. Na ukikuta Helios 44-2, lenzi ya Kisovieti ya 58mm f/2, usiidharau: ukiwa na majani nyuma ya mtu, ukungu wake unazunguka kama maji ya kisima yaliyokorogwa. Inahitaji adapta ya kutoka M42 (kifungo chake cha skrubu) kwenda Canon na inakaa kwenye 700D bila matatizo.

Tuje kwenye kamera. Lenzi hizi hazina otofokasi, na nyingi hazina mawasiliano yoyote ya umeme na mwili wa kamera. Kwa hiyo vitu viwili vinavyopandisha bei ya kamera mpya, yaani otofokasi inayofuata macho na wingi wa megapikseli, hapa havikusaidii. Vinavyosaidia ni ukubwa wa kihisi na jinsi kamera inavyokuonyesha fokasi.

Ukubwa wa kihisi kwanza. Uzuri wa Sweet uko pembeni mwa picha, na kihisi kidogo kinakata pembeni. Kihisi cha fulu fremu kina milimita 36 kwa 24. Kutoka katikati hadi kona ni kama milimita 21.6. Cha 700D kina 22.3 kwa 14.9, na kona yake iko milimita 13.4 tu kutoka katikati. Panasonic GH5, kamera ya video ninayoiheshimu mno, kihisi chake ni 17.3 kwa 13 na kona iko kwenye 10.8. Lenzi ileile, apacha ileile, lakini kwenye GH5 unaona nusu tu ya mvutiko. Ndiyo maana wewe nakwambia uchukue Sweet 35 na si Sweet 50. Kwenye 700D ile ya 35 inaona kama 56mm inavyoona kwenye fulu fremu, ambayo bado inakuruhusu kufanya kazi ndani ya chumba. Ya 50 itaona kama 80mm, na kwenye sebule yenye makochi na ndugu kumi na wawili utajikuta umegota ukutani. Kwa mwenye GH5 na ndugu zake, Lensbaby wana Sol 22 iliyotengenezwa kwa kihisi hicho, inafaa zaidi kuliko kuhangaika na ya 50.

Kuhusu kuona fokasi, usiamini kile kidirisha cha kutazamia cha 700D. Kioo chake cha kuonyeshea fokasi hakiwezi kukuonyesha ukungu wa tundu lililo wazi kupita takribani f/2.8, utaona kitu kiko wazi, kadi itasema vingine. Piga kwa skrini, ukuze mara 5 au 10, rekebisha, kisha bonyeza. Kamera zisizo na kioo zinakupa kukuza huko ndani ya kidirisha chenyewe, pamoja na rangi inayowaka kwenye kingo zilizo wazi. Rangi hiyo inasaidia sana kwenye Edge. Kwenye Sweet ikiwa f/2.5 inaweza kukudanganya, maana kioo chenyewe ni laini, amini kukuza.

Siku utakapobadilisha, angalia mambo hayo tu. Canon EOS RP ya mwaka 2019 ni fulu fremu ya bei ya chini na kwa picha za kutulia itakupendeza. Kwa video ya 4K inakata kihisi kwa takribani mara 1.6, yaani umelipia fulu fremu na umerudi kwenye 700D. Ukiitumia, rekodi 1080p. Sony A7 III ya mwaka 2018 inatumia upana wote wa kihisi kwenye 4K ya fremu 25, na mwili wake una kitulizo cha mtikisiko. Kwangu mimi hiyo ndiyo kamera ya lenzi hizi, na iliyotumika bado ni kamera kamili. Kitulizo hicho hakijui umeweka lenzi gani, kwa hiyo ingia kwenye menyu uandike 35 mwenyewe, la sivyo picha itayumba ajabu. Washa pia ruhusa ya kupiga bila lenzi, maana kamera inadhani iko tupu.

Na hapa kuna jambo litakalokuokolea fedha. Nunua lenzi yenye kifungo (sehemu inayoshikana na kamera) cha Canon EF, kile cha 700D yako. Kutoka kifungo cha EF hadi kihisi ni milimita 44. Kwenye Sony E ni 18, kwenye Canon RF ni 20, kwenye Nikon Z ni 16. Nafasi iliyobaki inajazwa na adapta, na kwa kuwa lenzi haina umeme, adapta ni bomba tupu la chuma, bei yake ndogo. Lenzi utakayonunua mwaka huu itahamia kwenye kamera yoyote kati ya hizo. Anayenunua ya kifungo cha Sony leo hawezi kurudi nyuma kwenye 700D.

Ukiiweka, skrini itaandika F00. Usiogope, kamera haijaharibika, haioni tundu. Weka kwenye Av, ile hali ambayo tundu ni kazi yako, na itapima mwanga unaoingia na kuchagua shata, yaani muda wa kupokea mwanga, yenyewe. Wenye Nikon za daraja la D3000 na D5000 hawana bahati hiyo, wao hupima kwa kubahatisha na kuangalia picha.

Umeuliza kuhusu video. Zinafaa, tena kuna kitu kwenye video ambacho picha haiwezi kukupa: kupinda huku unarekodi. Msanii yuko kushoto, mpiga gitaa kulia, umbali mmoja. Unaanza na kiduara kwa msanii, na sauti ya gitaa inapoingia unakihamisha polepole kwa kidole kimoja. Kamera haijasogea, umbali haujabadilika, jicho limehama. Legeza ile pete ya ukakamavu ya Composer mpaka kichwa kiende bila kukwama, fanya mazoezi mara kumi kabla ya kumwita msanii, na kamera iwe juu ya stendi imara. Msanii anayecheza na kusogea mbele na nyuma hawezekani kwa f/2.5. Chora mstari wa chaki pale atakaposimama, kuza skrini na uweke fokasi kabla ya kurekodi, halafu mwambie acheze kwa mabega na mikono.

Umeme wetu ni wa 50Hz, kwa hiyo rekodi fremu 25 na shata 1/50, taa za ukumbini hazitakuletea mistari inayopanda na kushuka. Shata hiyo juani ni mwanga mwingi. Kanuni ya zamani inasema jua kali ni f/16, ISO (wepesi wa kihisi kuhisi mwanga) 100, shata 1/100. Ukishuka hadi 1/50 na kufungua f/4 umezidisha stopu tano (kila stopu ni mwanga mara mbili), na ukifungua f/2.8 umezidisha sita. Unahitaji filta nyeusi ya ND32 kwa ya kwanza, ND64 kwa ya pili. Bila filta utalazimika kubana tundu, na ukibana tundu kiduara kinameza fremu nzima na lenzi yako inakuwa ya kawaida. Kioo cha Sweet kina uzi wa milimita 46, kwa hiyo filta ni ndogo na si ghali. Inunue siku moja na lenzi.

Kuna kosa nililofanya ambalo sitaki ulirudie. Miaka ya nyuma, kwenye harusi, nilikuwa na Sweet 50 kwenye kamera, ukoo ukaitwa kwa picha ya pamoja, nikaona muda unakwenda nikapiga hivyohivyo. Maharusi katikati walitoka vizuri sana. Bibi yao, mzaa mama, alikaa kwenye kiti cha mwisho kushoto. Mwaka uliofuata alifariki, na mjukuu akaja kuniomba picha ile, kwa kuwa hakuwa na nyingine ya siku hiyo. Uso wa bibi ulikuwa mchirizi wa rangi ya kahawia na kitambaa cha kichwani. Hakuna programu iliyoweza kuurudisha. Tangu hapo kwenye harusi picha za watu na za ukoo napiga zote kwa 50mm, f/5.6 au f/8, na Sweet naitoa mfukoni kwa dakika kumi tu: hina kwenye viganja, pete, bibi harusi akiwa peke yake dirishani, mikono ya mpiga zumari. Wateja wanaipenda zaidi ikiwa picha ishirini kati ya mia nne.

Kabla ya kutoa akiba, jaribu kitu leo usiku, bila kununua. Zima feni, funga madirisha, maana vumbi ndilo adui hapa. Weka 50mm yako kwenye fokasi ya mbali kabisa, apacha f/1.8, washa skrini, kisha ifungue lenzi na uishike mbele ya kamera kwa vidole, milimita mbili tatu nje ya kifungo chake. Kamera iangalie chini wakati unafungua. Lenzi za Canon hubaki na tundu wazi zikitolewa, kwa hiyo mwanga utaingia. Sogea karibu na kitu kidogo, ua au kikombe, na uinamishe lenzi taratibu upande mmoja. Utauona ule mkato wa uwazi ukilala na kuhama. Mwanga utavuja kando na kutia weupe, funika kwa kiganja. Usikae zaidi ya dakika kumi kamera ikiwa wazi, na usijaribu nje.

Unachokiona hapo ni tabia ya Edge, mkato. Ukijikuta unataka uende mrefu, upite kwenye vitu viwili vitatu kwa pamoja, akiba yako iende kwenye Edge 50. Ukijikuta unahangaika kuufanya uwe mdogo, ukae kwenye kitu kimoja tu, chukua Sweet 35.